Nzi Asiye Nzi: Tahakiki ya Istilahi za Kuchunguza Viumbe wa Mtoni

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hufanyika mezani, kwa kamusi, faharasa na majadiliano. Hilo si kosa, kwani istilahi nyingi za utawala, sheria na uhasibu huzaliwa mezani na kutumika mezani. Lakini ziko taaluma ambazo istilahi zake haziwezi kupimwa huko. Mwanafunzi aliyesimama mtoni, maji yakimfika magotini na wavu ukiwa mkononi, hana nafasi ya kufunua faharasa. Analo neno alilopewa darasani, na ndani ya sinia mbele yake yumo kiumbe mdogo anayetapatapa. Neno hilo ama litamwongoza, ama litampoteza.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi za somo moja la namna hiyo, nalo ni somo la kukusanya na kutambua wanyama wasio na uti wa mgongo ili kupima uzima wa mto na uanuwai wa viumbe waliomo. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika somo hili kosa la istilahi halifichiki, kwa kuwa hujitokeza katika hesabu. Pili, hesabu hiyo inahusu maji ambayo watu huyanywa. Kwa hiyo jambo tunalolizungumzia si la wapenzi wa lugha peke yao.

2. Karatasi tunayoihakiki

Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye hufundisha si mbali na Amani katika milima ya Usambara Mashariki, alituomba tuipitie karatasi ya mazoezi iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Hatutaitaja shule wala mfasiri, maana haja yetu ni istilahi, si watu. Tuliisoma karatasi hiyo, kisha tukafuatana na wanafunzi mpaka kwenye kijito kimojawapo kati ya vijito vinavyouingizia maji Mto Zigi. Yafaa msomaji akumbuke kwamba maji ya Zigi hukingwa katika bwawa la Mabayani, na kutoka huko ndiko mji wa Tanga unakopata maji yake. Kijito kinachochezewa na watoto huko juu ndicho kinachojaza mitungi huko chini.

Utaratibu unaoelezwa na karatasi hiyo si mgeni barani Afrika. Huko Afrika ya Kusini wataalamu wa mito wametumia kwa miaka mingi utaratibu uitwao SASS, ambao toleo lake la tano lilitangazwa mwaka 2002. Kutokana na huo ulitengenezwa utaratibu mwepesi uitwao miniSASS, ulioelezwa mwaka 2004, kwa ajili ya wanafunzi na wananchi wasio wataalamu. Tanzania nayo imekwisha kuwa na utaratibu wake wa kitaalamu, TARISS, uliojengwa juu ya msingi huohuo na kuelezwa mwaka 2015. Karatasi tunayoihakiki imefuata miniSASS.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Mwanafunzi hutibua mawe na mchanga wa mtoni kwa muda wa dakika tano, huku ameukinga wavu upande maji yanakoelekea. Yaliyonaswa humwagwa katika sinia jeupe lenye maji. Kila kiumbe hutazamwa kwa kioo cha kukuzia, hutiwa katika kundi lake, kisha hurudishwa mtoni akiwa hai. Makundi yako 13, na kila moja lina alama yake. Viumbe wasioweza kustahimili uchafu wana alama kubwa, na wale wanaostahimili wana alama ndogo. Alama za makundi yaliyopatikana hujumlishwa, na jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi. Wastani unaopatikana ndio unaosema kama mto ni mzima au ni mgonjwa.

Kabla hatujatoa lawama, haki inatupasa tuisifu karatasi hii. Sentensi zake ni fupi na amri zake ziko wazi. Mfasiri amewathamini wanafunzi ambao husoma biolojia kwa Kiingereza, lakini wakifika mtoni huulizana kwa Kiswahili. Aidha, baadhi ya istilahi zake ni nzuri. Mathalani, neno "mnyoo bapa" linajieleza lenyewe, wala mwanafunzi hakukosea hata mara moja alipomwona kiumbe yule akiteleza juu ya jiwe kama tone la uji. Kasoro tutakazozitaja si za mfasiri huyu peke yake. Ni kasoro za njia ambayo wengi wetu tumezoea kuipita.

3. Mdudu na mnyama

Karatasi inaanza kwa kumwambia mwanafunzi akusanye "wadudu". Ukurasa wa pili inawaita viumbe walewale "wanyama wasio na uti wa mgongo". Ukurasa wa tatu inarudi kwa "wadudu", lakini sasa kwa maana ya viumbe wenye miguu sita tu. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo hatukulijibu kwa urahisi: je, kaa ni mdudu?

Swali hilo lina mizizi mirefu. Katika lugha ya kila siku neno "mdudu" ni pana mno. Nzige ni mdudu, buibui ni mdudu, jongoo ni mdudu, hata mnyoo ni mdudu. Ugonjwa wa kidole huitwa mdudu wa kidole. Waganga nao walipohitaji neno la viumbe visivyoonekana kwa macho, walilipunguza neno hilohilo wakapata "vijidudu". Basi ukoo mmoja wa neno umetandaa kutoka kwa panzi mpaka kwenye bakteria. Lugha ya watu haina kosa katika jambo hili. Mkulima anayesema mahindi yake yameingiwa na wadudu hana haja ya kuhesabu miguu.

Neno "mnyama" nalo lina mipaka yake. Mswahili akisikia "mnyama" humfikiria mwenye miguu minne. Ndege ni ndege, samaki ni samaki, na mdudu ni mdudu. Kwa hiyo mwalimu anaposema konokono ni "mnyama asiye na uti wa mgongo", anafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba konokono hana uti wa mgongo, na kwamba konokono ni mnyama. La pili ndilo gumu zaidi, nalo mara nyingi hupitwa bila kuelezwa.

Wako wanaolichukia jina hili kwa kuwa ni refu, na kwa kuwa linamtaja kiumbe kwa kile asichokuwa nacho. Hoja hiyo ina uzito, ila lawama haituangukii sisi. Mfaransa Lamarck ndiye aliyelitia katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1801 jina la wanyama wasio na pingili za uti wa mgongo, na lugha nyingi zimemfuata. Faida ya istilahi yetu ni kwamba mwanafunzi wa darasa la tano huielewa bila kuelezwa, jambo ambalo "invertebrata" haliwezi kulifanya. Tunaona ibaki.

Juu ya "mdudu", maoni yetu ni haya. Neno hili liachwe pana katika mazungumzo, lakini katika masomo ya elimuviumbe libanwe kwa maana moja, yaani kiumbe ambaye akikomaa ana miguu sita. Si ajabu neno moja kuwa na maana pana mtaani na maana finyu katika taaluma. Neno "kazi" lina maana yake kwa kila mtu, na lina maana yake nyingine katika fizikia, wala hakuna aliyepotea njia. Lisilokubalika ni kuzichanganya maana mbili katika karatasi moja. Kaa, kwa hiyo, si mdudu. Ni mnyama asiye na uti wa mgongo, naye ana alama zake 6.

4. Nzi wa mawe, nzi wa Mei na nzi wa kweli

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kiingereza kina desturi ya kuwaita wadudu wengi warukao kwa jina la nzi pamoja na neno lingine la kupambanua. Mdudu mmoja huitwa kwa jina la jiwe na nzi, mwingine kwa jina la mwezi wa Mei na nzi. Hata kerengende amejengewa jina lake kwa nzi. Mwingereza aliyeizoea lugha yake hadanganyiki, maana anajua kwamba wale si nzi hasa. Akitaka kuwataja nzi hasa, yaani wadudu wenye mabawa mawili, huongeza neno la "kweli".

Mfasiri wetu ameihamisha desturi hiyo nzimanzima. Katika karatasi yake tunakutana na "nzi wa mawe", "nzi wa Mei" na "nzi wa kweli". Mswahili hana desturi hii. Kwake nzi ni nzi. Mbu si nzi, kipepeo si nzi, kerengende si nzi. Anapoambiwa "nzi wa mawe" huelewa kwamba ni nzi aliyetua juu ya mawe. Na anapoambiwa "nzi wa kweli" huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba hao wengine ni nzi wa uongo?

Madhara yake tuliyaona kwa macho. Makundi mawili ya wanafunzi yalitibua mahali pamoja na kupata viumbe walewale. Kundi la kwanza lilisaidiwa na mwalimu, likaandika hivi: nzi wa mawe alama 17, nzi wa Mei 11, kerengende 6, kaa 6, konokono 4. Jumla ni 44. Kwa makundi matano, wastani ni 8.8. Kundi la pili lilifanya kazi peke yake. Lilipoona neno "nzi" mara tatu katika orodha, lilidhani kwamba wote ni jamaa moja, likawatia viumbe wale wawili wa kwanza katika safu ya "nzi wa kweli", ambayo alama yake ni 2. Hesabu yao ikawa 2, 6, 6 na 4. Jumla ni 18. Kwa makundi manne, wastani ni 4.5.

Mto ni mmoja, maji ni yaleyale na saa ni ileile. Karatasi moja inasema maji ni safi, na ya pili inasema maji yameharibika. Tofauti haikuletwa na uchafu wala na uvivu wa wanafunzi. Imeletwa na neno "nzi". Lau karatasi ya pili ingefika katika ofisi ya maji peke yake, mtumishi wa Serikali angekuwa na sababu ya kuagiza uchunguzi usiohitajika. Na kosa lingeweza kwenda upande wa pili pia, likaupa mto mchafu sifa ya usafi, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Jina la "nzi wa Mei" lina kasoro nyingine. Mwezi wa Mei katika Uingereza ni wakati wa maua, nao wadudu hao hutoka majini makundi kwa makundi. Mwezi wa Mei huko Amani ni wakati wa masika na vijito vilivyofurika, wakati ambao mwalimu mwenye busara hawapeleki watoto mtoni. Jina hilo halimwambii mwanafunzi wetu lolote, na pengine linamdanganya.

Je, tufuate Kilatini? Wataalamu huwaita wadudu hao plekoptera na efemeroptera, na kundi la nzi na mbu huitwa diptera. Majina haya yanafaa katika vitabu vya wataalamu, nasi hatuyapingi. Lakini kwa mwanafunzi aliye mtoni yote yanaishia kwa sauti moja, wala hayana kitu cha kushika kwa jicho.

Tulifikiri kwanza kuwaita kwa mikia yao, kwa kuwa nzi wa mawe ana mikia miwili, na nzi wa Mei kwa kawaida ana mitatu. Wazo hilo lilituvutia tulipokuwa mezani. Tulipofika mtoni tuliliacha. Wako nzi wa Mei wenye mikia miwili, na mtoto wa kerengende mwembamba ana vipande vitatu kama majani mwishoni mwa mwili wake, ambavyo ni rahisi kuvidhani mikia. Hili linatosha kuonyesha kwa nini tunasisitiza kwamba istilahi ipimwe mahali pa kazi.

Kilichotusaidia ni kuwatazama viumbe wenyewe. Mtoto wa nzi wa Mei ana vitu vyembamba vinavyopepea ubavuni mwa tumbo, upande huu na upande huu, navyo ndivyo anavyovutia pumzi. Kiswahili kinalo neno la ajabu kwa jambo hilo, nalo ni "matamvua". Matamvua ni yale ya pembeni mwa shali au mkeka, na ni yale ya samaki ya kuvutia pumzi pia. Neno moja linataja umbo na kazi. Tunapendekeza kiumbe huyo aitwe "mdudu-matamvua".

Kuhusu "nzi wa mawe", kosa halimo katika mawe bali katika nzi. Kiumbe huyo kweli hung'ang'ania mawe kwa kucha mbili katika kila mguu, wala hana matamvua ubavuni mwa tumbo. Aitwe "mdudu-mawe". Yule ambaye karatasi imemwita kwa jina refu la kigeni lisilotamkika, ambaye hujijengea kijumba cha mchanga au vijiti, au hufuma wavu mdogo kati ya mawe, aitwe "mdudu-mjenzi". Na "nzi wa kweli" wafutwe kabisa, mahali pao paandikwe "jamii ya nzi na mbu". Kisha mwanafunzi apewe kanuni moja fupi: kiumbe wa majini mwenye miguu yenye viungo hayumo katika jamii ya nzi na mbu, kwa sababu watoto wa jamii hiyo hawana miguu ya namna hiyo. Kanuni hii peke yake ingaliliokoa kundi la pili.

Kerengende ana mushkeli wa upande wa pili. Hapa Kiswahili kina jina moja mahali ambapo utaratibu unataka mawili, kwa kuwa kerengende wanene wana alama 6 na wembamba wana 4. Karatasi imewaita wa pili "kerengende-bibi", kwa kufuata Kiingereza. Wanafunzi walidhani kwamba ni majike. Hapa hapahitajiki ufundi wowote. "Kerengende mnene" na "kerengende mwembamba" yanatosha, na mtoto yeyote ataweza kuwapambanua.

5. Kiluwiluwi na ndugu zake

Wengi wa viumbe wanaopatikana mtoni ni watoto wa wadudu, ambao wakikomaa hutoka majini na kuruka. Kiswahili si maskini katika jambo hili, bali ni tajiri kwa namna yake. Mtoto wa nzige ni tunutu. Mtoto wa kipepeo ni kiwavi. Mtoto wa nzi ni buu au funza. Mchwa anapoota mabawa tunamwita kumbikumbi. Lugha yetu imeyapa majina makuzi ya viumbe ambao watu waliwala, waliwaogopa au waliwapiga vita. Wale wa mtoni hawakuliwa wala hawakuogopwa, kwa hiyo wengi hawakupewa jina linalofahamika kila mahali.

Karatasi imelitumia neno "kiluwiluwi" kwa watoto wa wadudu wote wa majini. Chaguo hili lina sababu, maana mabango ya afya yamekwisha kuwazoeza watu "viluwiluwi vya mbu". Lakini kiluwiluwi ni mtoto wa chura pia, na chura ana uti wa mgongo. Katika sinia moja tulikuta viluwiluwi vya chura saba, navyo vyote vilikuwa vimehesabiwa. Mwanafunzi hakukosea lugha. Aliambiwa ahesabu viluwiluwi, naye akavihesabu.

Tunapendekeza neno "kiluwiluwi" lisisimame peke yake katika maandishi ya taaluma, bali liambatane na mwenyewe: kiluwiluwi cha chura, kiluwiluwi cha mbu. Kwa jina la jumla, neno "lava" limekwisha zoeleka katika vitabu vya sayansi, nalo lichukuliwe kwa wale wasiofanana na wazazi wao. Kwa wale wanaofanana na wazazi wao ila hawajaota mabawa kamili, kama mdudu-mawe na kerengende, tunaona neno "tunutu" lingeweza kupanuliwa. Mtoto wa nzige hukua kwa njia hiyohiyo. Tunajua kwamba pendekezo hili litabishaniwa, na tungependa libishaniwe.

6. Sampuli, aina na wingi

Makosa tuliyoyataja mpaka sasa yamo katika majina ya viumbe. Yako mengine yaliyomo katika majina ya hesabu, nayo ni ya hatari zaidi kwa kuwa hujificha.

Karatasi inaagiza: "Andika sampuli ulizopata." Mfasiri alikusudia machoto ya mtoni, yaani wavu wa kwanza, wavu wa pili na wavu wa tatu. Lakini "sampuli" kwa watu wengi ni namna au jinsi, kama tusemavyo kitambaa cha sampuli hii. Nusu ya wanafunzi waliandika 3, na nusu waliandika 8. Wote walikuwa sahihi kwa Kiswahili wanachokijua. Neno "sampuli" haliwezi kuondolewa sasa, maana limeenea katika maabara na hospitali. Linaweza kulindwa, kwa kuandika "choto" kila panapokusudiwa kile kilichonaswa kwa mara moja, na kuliacha neno "sampuli" kwa mkusanyo wote.

"Aina" nayo imetumika kwa maana ya spishi, kwa maana ya kundi, na kwa maana ya namna yoyote ile. Spishi ni istilahi iliyokwisha simama, nayo itumike panapokusudiwa spishi tu. Lakini mwanafunzi wa mtoni hafiki kwenye spishi. Kazi hiyo ni ya mtaalamu mwenye darubini. Mwanafunzi hufika kwenye kundi, na karatasi iseme "kundi" bila haya.

Neno lililo gumu kuliko yote ni "wingi". Karatasi inauliza: "Je, wingi wa viumbe ni mkubwa?" Sinia lenye ruba mia moja lina wingi. Sinia lenye viumbe kumi wa makundi kumi nalo lina wingi, ila ni wa namna nyingine. La kwanza linaweza kuwa dalili ya maji machafu, na la pili ni dalili ya maji mazima. Neno moja limebeba mambo mawili yanayopingana. Badala yake paandikwe "idadi ya viumbe" na "idadi ya makundi", na "wingi" liachiwe mazungumzo.

Jambo hili linatufikisha kwenye istilahi kubwa ya maandishi ya Serikali, yaani "bioanuwai", ambayo ilianza kuhitajika sana baada ya mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992. Wengine huiandika "bayoanuwai", wengine "baioanuwai". "Anuwai" katika Kiswahili cha siku zote hufuata jina, kama katika "mambo anuwai", na humaanisha ya namna mbalimbali. Kwa hiyo kiini cha istilahi hii ni chema, maana kinasisitiza namna, si idadi. Tunaona ibaki, na iandikwe kwa namna moja, "bioanuwai". Lakini walimu waieleze kwa kiini chake hicho. Bonde lenye mbu milioni halina bioanuwai kubwa kwa sababu hiyo tu.

7. Vitendo na vifaa

Hapa hatutakawia. Karatasi inaamuru "ainisha" mara kumi na moja. Kuainisha ni kupanga katika makundi. Kutambua ni kumjua kiumbe na kumpa jina ambalo amekwisha kuwa nalo. Kubainisha ni kueleza tofauti. Mwanafunzi kwanza hubainisha, kisha hutambua, kisha huainisha, na kila tendo litajwe kwa jina lake.

Njia ya kukusanya imeitwa "sampuli ya teke", kwa kuwa Kiingereza huitaja kwa kitendo cha kupiga teke. Wavulana waliifurahia sana na wakayapiga maji mateke. Viumbe wote wakakimbia. Kiswahili kinalo neno "kutibua", ambalo husema jambo lenyewe hasa: kuvuruga maji kwa chini mpaka vilivyolala viinuke. Itumike "kutibua". Aidha "trei ya kuainishia" si kitu zaidi ya sinia jeupe, na kila nyumba ina sinia.

8. Hitimisho

Tukiyakusanya tuliyoyasema, tunatoa mapendekezo manne.

(a) Istilahi za masomo ya nje zijaribiwe nje kabla ya kuchapishwa. Wanafunzi wa makundi mawili wapewe orodha moja na mahali pamoja. Hesabu zao zikitofautiana sana, wa kwanza kuulizwa awe istilahi, si mwanafunzi.

(b) Jina la kigeni lisifasiriwe kipande kwa kipande. Mfasiri amtazame kiumbe, asiitazame kamusi peke yake.

(c) Kabla majina tuliyoyapendekeza hayajasanifiwa, waulizwe wenyeji wa milima na mabonde. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi umeweka lugha za Kibantu mara tu baada ya Kiswahili chenyewe, na neno "senene", tulilolipata kutoka kwa ndugu zetu wa magharibi ya Ziwa, ni ushahidi kwamba njia hiyo huzaa matunda. Yamkini Wasambaa waishio kando ya vijito vya Zigi wanalo jina la mdudu-mawe lililo bora kuliko letu. Likipatikana, letu litupwe bila majuto.

(d) Ofisi zinazopokea taarifa za wanafunzi kuhusu mito zidai kwamba taarifa hizo zifuate orodha moja ya istilahi, ili namba za kijito kimoja ziweze kulinganishwa na za kingine.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali watuletee maoni yao, hasa walio karibu na mito. Baada ya siku ile mwalimu aliyetuita aliifuta karatasi yake kwa kalamu nyekundu, akaandika juu ya neno "nzi" majina mapya, na wiki iliyofuata akawarudisha wanafunzi wa kundi la pili mahali palepale. Walipata wastani wa 8.4. Mto haukuwa umebadilika.